Mabano Yasiyosikika: Uhakiki wa Programu Zinazowasomea Wasioona Hisabati

Utangulizi

Mjadala kuhusu wanafunzi wasioona na somo la hisabati umezoea kuishia kwenye vifaa: kompyuta zipo au hazipo. Makala hii inalihakiki suala hilo kwa upande wa lugha. Hoja yake ni kwamba programu inayosoma hisabati kwa sauti ni kazi ya sarufi kabla ya kuwa kazi ya kompyuta, na kwamba sarufi hiyo haiwezi kuazimwa kutoka Kiingereza.

Njia mbili za kuitamka fomula

Abraham Nemeth, mwanahisabati wa Marekani aliyezaliwa akiwa haoni, anajulikana zaidi kwa mfumo wake wa nukta nundu wa hisabati, uliochapishwa mwaka 1952. Ndiye pia mwasisi wa MathSpeak, namna ya kutamka hisabati ambamo kila muundo hutangazwa unapoanza na unapokwisha. T. V. Raman, ambaye naye haoni, alifuata njia tofauti katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Cornell. Programu yake, AsTeR, ilisoma maandishi ya LaTeX na kuibadili sauti yenyewe, kwa mfano kwa kupandisha kidatu inapofikia kipeo. Aidha, ilimwezesha msikilizaji kuipitia fomula kipande kwa kipande.

Njia ya Nemeth haina utata, lakini huelemea kumbukumbu: fomula fupi huwa sentensi ndefu. Njia ya Raman ni ya mkato, lakini hutegemea ubora wa sauti na wepesi wa sikio. Ubora wa AsTeR unaostahili kusisitizwa zaidi ni ule uhuru wa kurudi nyuma. Anayeona hasomi mlinganyo mara moja tu. Asiyeona naye asilazimishwe kufanya hivyo.

Kiswahili kinapotamkwa

Kauli "kipeuo cha pili cha 9 kujumlisha 16" ina majibu mawili. Alama ya kipeuo ikifunika namba zote mbili, jibu ni 5. Ikifunika 9 pekee, jibu ni 19. Mwanafunzi anayeona huamua kwa kutazama urefu wa mstari, ilhali anayesikiliza hubahatisha. Akikosa, kosa huhesabiwa kuwa lake.

Upatanisho wa kisarufi husaidia kwa kiasi. Katika "nusu ya kipeuo cha pili cha jumla ya 9 na 16", kila kihusishi cha a-unganifu hufuata ngeli ya nomino yake, hivyo msikilizaji hujua kila tabaka linapofunguka. Hata hivyo, hakuna kinachomwambia linapofungika. Ngeli hufungua mabano bila kuyafunga. Hapo ndipo tangazo la Nemeth linapohitajika.

Tatizo la pili ni la istilahi. "Kipeo cha pili cha 16" ni 256, na "kipeuo cha pili cha 16" ni 4. Maneno hayo hutofautishwa na irabu moja na mahali pa mkazo. Katika kitabu tofauti hiyo inatosha. Katika sauti ya kompyuta iliyoongezwa kasi, kama wasikilizaji wazoefu wanavyopenda, huweza kupotea.

Hitimisho

Nyenzo za msingi zipo. MathML, iliyopitishwa na W3C mwaka 1998, huhifadhi muundo wa fomula badala ya picha yake. NVDA hupatikana bure, na MathCAT inayoweza kuunganishwa nayo hutenga kanuni za usemaji za kila lugha. Kwa Tanzania, ambako hisabati ya shule za msingi za umma hufundishwa kwa Kiswahili, kazi ya kuandika kanuni hizo ni ya wanaisimu, walimu wa hisabati na, kwanza kabisa, wasioona wenyewe. Istilahi iliyosanifiwa kwa jicho pekee haijakamilika mpaka ijaribiwe kwa sikio.