Mafuta ya Ziada au Mfumo Msaidizi? Uhakiki wa Istilahi za Injini za Tabo

Katika miongozo ya ufundi wa magari imo dhana inayowatatiza wafasiri: kuiongezea injini ya tabo, iliyokwisha kurekebishwa ili itoe nguvu zaidi, njia ya pili ya kupelekewa mafuta. Jina jepesi limjialo mfasiri ni "mafuta ya ziada". Makusudio ya makala haya ni kulipima jina hilo pamoja na wenziwe, kwani istilahi ikipotoka hapa haiharibiki sentensi tu, huharibika na injini.

Yafaa kwanza dhana yenyewe ieleweke. Tabo huzungushwa na moshi utokao katika injini, nayo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta nayo hayana budi kuzidi. Yasipotosha, joto hupanda, mchanganyiko hulipuka wakati usio wake, na pistoni huweza kutoboka. Tuchukue injini ya BMW iitwayo N54, iliyotoka mwaka 2006. Nozeli zake hunyunyiza petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Mwenye gari akizidisha shinikizo la tabo na kutumia mafuta yenye ethanoli nyingi, pampu ya asili huelemewa. Maana kilo 1 ya petroli huhitaji hewa ya kilo 14.7 hivi, bali kilo 1 ya ethanoli huhitaji kilo 9 tu. Kwa hewa ile ile, ethanoli nyingi zaidi lazima ipite.

Sasa tuyapime majina. "Mafuta ya akiba" hayafai kabisa: msomaji atafikiri debe la safari. "Mafuta ya ziada" yana kosa lililojificha. Ziada ni kile kilichopita haja, kiwezacho kuondolewa bila madhara. Kumbe hapa mafuta hayo ndiyo haja yenyewe. Fundi akiyafunga huku tabo ikisukuma kama kwanza, ameiua injini. Tena, kinachoongezwa ni njia, si mafuta peke yake. Kwa hiyo twapendekeza "mfumo msaidizi wa mafuta". Mzizi huu umezoeleka katika "kitenzi kisaidizi" na "mwalimu msaidizi", nao huzaa "nozeli saidizi" na "pampu saidizi" kwa upatanisho wa kawaida.

Istilahi hii hutenganisha pia mambo yaliyo rahisi kuchanganywa. Kuweka pampu kubwa zaidi ya shinikizo la juu si usaidizi, bali ni uimarishaji wa mfumo wa awali. Huhifadhi mpangilio wa mtengenezaji, lakini nozeli za asili nazo zina kikomo. "Nozeli za mlangoni", moja kwa kila silinda, hunyunyiza nyuma ya vali ya kuingizia hewa. Hutumia shinikizo dogo na huiosha vali, ila zadai kidhibiti cha kuziongoza. Toyota iliziunganisha njia hizi mbili kiwandani mwaka 2005. "Nozeli ya bombani" hufungwa kwa urahisi, lakini silinda huweza kugawana mafuta pasipo usawa.

Mwisho ni mchanganyiko wa maji na methanoli, uliotumiwa na Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962. Chupa yake ilipokwisha, gari lilijipunguzia shinikizo la tabo, ishara tosha kwamba hiyo haikuwa ziada. Kwa kuwa kazi yake kubwa ni kupoza, mtu aweza kushawishika kuuita "maji ya kupozea". Jina hilo twalikataa. Litachanganywa na maji ya rejeta, na litaficha sumu: methanoli hupofusha na kuua. Heri "maji-methanoli", ili hatari isomeke katika jina lenyewe.

Nozeli, pampu na tabo ni maneno ya karakana, nasi hatuna sababu ya kuyapinga. Kazi yetu ni kuyapanga yasigongane. Walimu wa ufundi wayajaribu mapendekezo haya mbele ya wanafunzi wao, kisha watupe hukumu yao.