Singeli na Haki ya Neno

Singeli ilizaliwa katika mitaa ya wanyonge, Dar es Salaam. Mwaka 2017 kazi za vijana wa studio ya Sisso, Mburahati, zilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, zikaenea ughaibuni kwa intaneti. Wapo wauitao muziki huu kelele. Hatuafikiani nao: kukata vipande vya taarabu na kuviharakisha kupita mapigo 200 kwa dakika ni ubunifu. Hata hivyo, mara nyingi kasi hiyo humeza neno. Mpiga litungu wa Mara huchangamsha nyuzi, na masimulizi yake yakasikika. Basi kijana wa Mukendo aundaye midundo kwa kompyuta hana budi kumsikiliza mzee huyo kwanza; la sivyo, ataiga Dar es Salaam tu, kama wengine walivyoiga Ulaya.