Maharagwe Mawili Mekundu

Kabla mchezo haujaanza, mwalimu humwaga mahindi mezani. Ni punje kavu za kawaida, zilizopukuswa kutoka kwenye gunzi. Anayecheza mjuzi huhesabiwa zake: nyeupe nne kwa maneno mepesi, za njano tatu kwa maneno ya kati, na maharagwe mawili mekundu kwa maneno mazito. Akitamka neno la nguvu, punje yake hurudi kikombeni, nasi sote huisikia ikidondoka. Mimi hucheza mpiganaji. Sina punje, nina upanga tu, na ni kutoka upande huu wa meza nilikojifunza kuiheshimu kazi ya mwalimu.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons. Msimulizi mmoja huongoza hadithi, wengine kila mmoja hubeba mhusika wake, na dadu huamua yale ambayo ulimi hauwezi kuamua. Tunaucheza kwa Kiswahili, mara Kitale, mara Bungoma. Mwenye zamu ya kusafiri hupanda matatu kupitia Kamukuywa na Webuye, dadu zikiwa mfukoni. Mwalimu ndiye msimulizi. Anafundisha hesabu Bungoma, na neno mjuzi ni lake. Alikataa katakata tuseme mchawi. Katika nchi hii ya Kenya wazee wa watu wamechomewa nyumba kwa neno hilo, naye hakutaka tulizoee mdomoni.

Shida anayopambana nayo, ya mjuzi kuwafunika wenzake, ni kongwe kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1971, katika Chainmail, mchezo wa vita wa vijisanamu, mjuzi alikuwa silaha nzito: moto wake ulipimwa kama jiwe la manjaniki, ule mtambo wa kale wa kubomolea ngome. Miaka mitatu baadaye Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, mtambo ule ukageuzwa mtu, ukaketishwa meza moja na mtu mwenye upanga. Utamfanyaje asiwameze wenzake? Gygax aliazima jibu kutoka kwa hadithi za Jack Vance, The Dying Earth ya 1950, ambamo neno likishatamkwa hufutika akilini. Akamvua mjuzi deraya, akamwachia jambia, akamtaka alimbikize alama 2,500 kufika ngazi ya pili ilhali mpiganaji alihitaji 2,000.

Ilikuwa bei halisi, lakini ililipwa mapema mno. Mjuzi mchanga alikufa kwa pigo moja. Aliyenusurika akafika ngazi za juu, hakuna aliyemkumbuka mwenye upanga tena. Mateso ya mjuzi ya mwaka jana hayamfariji mpiganaji anayekaa bure leo usiku. Toleo la 2008 lilijaribu kuponya hilo kwa kuwapa wote mfumo mmoja wa nguvu, na wachezaji wengi wakalalamika kwamba mpiganaji na mjuzi wamefanana kama mapacha. Nami naona walilalamika kwa haki. Mizani iliyopatikana kwa kuweka jiwe lile lile pande zote mbili haijapima kitu.

Ila kanuni za 2014 zina jambo dogo ambalo kila nikiliangalia nalipenda zaidi. Maneno mengi ya kudumu, kama kumficha mtu asionekane au kumfunga adui asisogee, sharti yashikiliwe akilini, na akili hushika moja tu. Ukitaka la pili, la kwanza linakuponyoka. Ukipigwa huku umelishika, unarusha dadu ya pande 20, unaongeza ustahimilivu wako, na usipofikisha 10, au nusu ya madhara uliyopata ikiwa nusu hiyo ni kubwa zaidi, linakatika. Neno halikupunguzwa makali, ila limewekwa mahali ambapo rungu la adui linaweza kulifikia, na hapo hapo mtu wa kusimama mbele ya mjuzi akapata kazi.

Jioni moja Kitale nilimkuta mwalimu akipiga hesabu nyuma ya risiti ya duka la mbegu. Mpira wa moto: dadu nane za pande sita, wastani 28, tena unawaangukia wote walio ndani ya futi 20. Mpiganaji wa ngazi ya tano, sawa na ya mjuzi, mapigo mawili, yote yakipata: kama 17, kwa adui mmoja.

"Basi punguza dadu, mwalimu," nikamwambia.

"Hapana, ndugu yangu. Nitaongeza safari."

Sikumwelewa hadi tulipocheza. Punje hurudi mjuzi akilala usiku kucha. Ukimwachia alale baada ya kila pambano, kila pambano atalikuta na maharagwe yake yote mawili, nawe mwenye upanga utakuwa mbeba mizigo. Kitabu cha wasimulizi cha 2014 kilikadiria mapambano sita hadi nane kati ya usingizi na usingizi. Meza nyingi hucheza mawili na kulala, kisha zinalaumu kanuni. Mwalimu hakugusa tarakimu hata moja. Alileta mvua, akaitia barabara matope, akatuambia mazishi ni kesho asubuhi na mto haujavukwa. Kufika magharibi ya hadithi, mjuzi alikuwa na punje mbili nyeupe, mkono wake ukielea juu yazo bila kushuka. Upanga wangu ulikuwa vile vile ulivyokuwa alfajiri.

Huenda jibu hilo lilimjia kirahisi kwa sababu ya huku tuliko. Kitale ni mji wa Kenya Seed, kampuni ya mbegu iliyoanzishwa 1956, na mkulima wa Trans Nzoia hahitaji kuelezwa kwamba mahindi yanayozaa sana nyanda za juu ndiyo yanayokaa shambani miezi mingi: mavuno makubwa hulipiwa kwa muda.

Njia nyingine ya kusawazisha meza ni ya Ars Magica, mchezo wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen wa 1987. Humo mjuzi ni mkubwa na hakuna anayeficha. Wanaosawazishwa ni wachezaji: kila mmoja ana mjuzi wake, lakini hawatoki wote pamoja, leo wewe, kesho mimi, na asiyetoka na mjuzi wake hucheza msaidizi au askari. Mwalimu aliniambia hilo kwa heshima kubwa, kama mtu anayetaja fundi wa kijiji jirani.

Baadaye akaanza kuunda mjuzi wa kwetu. Alimtoa kwenye kumuse, hotuba ya Wabukusu inayotolewa baada ya mzee kuzikwa. Msemaji wake, omuswala kumuse, hajitokezi tu kwa kuwa ana sauti. Kazi hiyo ina koo zake. Bungoma wengi watakutajia Mzee Manguliechi, aliyesifika kwayo. Msemaji hutembea huku na huko kati ya watu waliokaa, na wakati huo hakatizwi. Mwalimu alimwendea mjomba wake kwanza. Mjomba akakubali kwa sharti moja: maneno ya kumuse yasiletwe mezani. Mwendo tu.

Rasimu ya kwanza ya mjuzi huyo, mnenaji, ilisema hivi: akinena, adui anayesikia hainui mkono. Usiku wa pili wa kuijaribu niliweka dadu chini nikatazama simu. Mwalimu aliniona, hakunikemea, akaandika kitu daftarini. Rasimu ya pili ilimruhusu mnenaji anene mara moja kwa siku. Mchezaji akaibana nafasi yake jioni nzima, tukaenda nyumbani hajaitumia. Kwa ya tatu mwalimu alichora njia mezani kwa chaki. Mnenaji anene apendavyo, ila asisimame, aende kutoka mwisho hadi mwisho, na akikatizwa njia, sauti imekwenda hadi alfajiri. Wanaosikia hawatamkatiza. Mnyama hasikii hotuba.

Tuliijaribu Bungoma, mvua ikipiga mabati. Mnenaji aliweka haragwe lake la mwisho kikombeni, akaanza kukisogeza kijisanamu chake pole pole juu ya chaki. Majambazi kumi na mawili wakakaa kitako kumsikiliza. Mwalimu akachukua kifuniko cha soda, akasema ni fisi, akakiweka kando ya njia, hatua mbili kutoka miguuni mwa mnenaji. Meza nzima ikanigeukia mimi. Nikasogea hadi kwenye ukingo wa chaki, na mwalimu akanisukumia dadu.