Forodhani: Uhakiki wa Ukingo wa Mji

Tumezoea kuhakiki mashairi, riwaya na michezo ya kuigiza. Ni mara chache tunapohakiki ukuta au bustani. Hata hivyo, mahali palipojengwa na binadamu napo pana fani na maudhui. Fani yake ni mawe, miti, taa na njia. Maudhui yake ni jawabu la swali moja: hapa amejengewa nani? Kwa kipimo hicho nataka kuipima Forodhani, ukingo wa Mji Mkongwe wa Unguja unaotazama magharibi, ambao ulifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Julai 2009.

Jina lenyewe ni historia. Forodhani ni mahali pa kutozea ushuru, na ushuru huo ulitozwa kwa karafuu, kwa pembe za ndovu, hata kwa watumwa. Nyuma ya ukingo zilisimama Ngome Kongwe na majumba ya masultani, na tangu 1883 likasimama pia Beit al-Ajaib la Sultani Barghash. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga ukingo huo kwa muda usiotimia saa moja, na jumba la Beit al-Hukm likaangamia. Baadaye pakajaa mabanda ya shehena. Bandari mpya ilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920, shehena zikahamia huko, na mwaka 1936 watawala wa kikoloni wakapafanya bustani ya kuadhimisha jubilii. Ushuru, mizinga, shehena, heshima za jubilii: katika mfululizo wote huo, ni nani aliyemfikiria mama aliyetoka Ng'ambo jioni kupunga upepo na wanawe?

Kazi ya 2009, iliyofanywa na shirika la utamaduni la Aga Khan pamoja na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ndiyo iliyomfikiria. Ukuta wa bahari uliimarishwa, mifereji ikatengenezwa, taa zikawekwa, watoto wakapata mahali pa kuchezea, na wapishi wa usiku wakapewa sehemu yao. Hili la wapishi nalisifu kuliko mengine yote. Ilikuwa rahisi kuwafukuza kwa kisingizio cha moshi na taka, kama miji mingi ifanyavyo inapojipamba. Badala yake mishkaki, pweza, urojo na maji ya miwa yaliyotiwa ndimu na tangawizi vilihesabiwa kuwa sehemu ya utamaduni uliokuwa ukihifadhiwa, sawa na mawe. Hatari iliyobaki ni ya bei. Pweza akiuzwa kwa bei ya mgeni, mwenyeji atabakia kunusa.

Kuna jambo jingine ambalo halikuchorwa na msanifu yeyote. Kila jioni vijana hukimbia juu ya sakafu ya mawe, wakaruka kutoka ukutani, wakapinduka hewani na kutumbukia baharini huku umati ukishangilia. Mchezo huo huitwa makachu. Ukuta uliojengwa ili kuizuia bahari umegeuzwa jukwaa la kuiingilia. Hapa umma umeshika kalamu na kuongeza ubeti wake, na naona ndio ubeti bora wa shairi zima.

Msomaji akitembea hatua chache kuelekea Shangani atakuta kazi ya namna nyingine. Jengo la kale la Mambo Msiige liliunganishwa na jengo jipya kuwa hoteli iliyofunguliwa 2015, na Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia ukubwa wa jengo hilo jipya. (Waliolipa jengo la kale jina lake walikuwa wametuonya mapema.)

Lakini nisiisifu Forodhani kupita kiasi. Kasoro yake ya kwanza iko mgongoni. Bustani ilipendeza, lakini majumba nyuma yake yaliendelea kuchakaa, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka na kuua watu wawili. Uso ulipakwa wanja ilhali mifupa inaoza.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya mji mzima. Bahari imefanywa picha ya kutazamwa. Zamani Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa: upande wa mashariki palikuwa na hori lililojaa na kupwa kila siku, na shingo nyembamba tu ya nchi kavu iliuunganisha mji na kisiwa upande wa kusini, penye Mnazi Mmoja. Jina la Darajani linatokana na daraja lililovuka hori hilo. Lilifukiwa kidogo kidogo, likawa barabara na viwanja, na mahali pa maji kupumulia pakatoweka. Maji hayakusahau njia yake. Wakati wa bamvua na mvua za masika, Mnazi Mmoja bado huonja chumvi.

Sisemi mikoko ipandwe mbele ya Beit al-Ajaib. Pale pana kina, upepo na vyombo. Nasema kwamba ukuta hulirudisha wimbi na nguvu zake zote, nalo likirudi huchimba mchanga wa msingi. Mizizi ya mikoko hulichosha wimbi, hunasa tope na hulea samaki wachanga. Mji wenye ukingo mrefu unahitaji vyote viwili, kila kimoja mahali pake, nasi tumejifunza kujenga kimoja tu.

Kwa hiyo mwalimu atakayewapeleka wanafunzi kuihakiki Forodhani asianzie bustanini. Awaanzishe Mnazi Mmoja siku ya bamvua, wapite Darajani hadi Funguni, na kila mmoja achore kwa mkono wake njia ya hori lililofukiwa. Wakifika Forodhani magharibi, wachoro yao mikononi, ndipo wautazame ukuta.