Saa ya Kuungaunga Iliyomshinda Mwenyewe

Novemba 2021, katika mnada wa kampuni ya Phillips mjini Geneva, saa moja ya mkononi ya Omega Speedmaster iliuzwa kwa faranga za Uswisi 3,115,500. Phillips walikuwa wamekadiria itafika kati ya 80,000 na 120,000. Bei ikapaa zaidi ya mara 25 ya kadirio la juu, ikawa Omega ghali kuliko zote zilizowahi kupigwa mnada. Aliyenunua? Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao yaliyoko Biel.

Juni 2023 Omega wakatangaza kwamba saa hiyo haikuwa kama ilivyouzwa. Ilikuwa ya kuungaunga, na sehemu zake nyingi ni halisi. Hapo ndipo pagumu. Sisi tukisikia saa feki tunawaza ile ya elfu ishirini inayopauka rangi kabla mwezi haujaisha. Hii haikuwa ya namna hiyo. Chuma kilikuwa chuma, na vipande vingi kweli vilitoka kwa Omega. Uongo ulikuwa kwenye undugu wa vipande hivyo: vilidaiwa kuzaliwa pamoja mwaka 1957, na haikuwa kweli.

Kwa nini 1957? Huo ndio mwaka Speedmaster ya kwanza ilipotoka, yenye namba ya muundo 2915-1. Mshale wake wa saa una ncha pana kama ya mkuki, na pete inayozunguka kioo ni ya chuma kitupu kilichochongwa mizani ya kupimia mwendo. Zilizobaki salama ni chache, kwa hiyo kila kipande kina thamani. Ile ya Geneva ilikuwa na ziada: uso wake, uliopaswa kuwa mweusi, ulikuwa umegeuka kahawia. Kwa fundi wa mtaani huo ni uso ulioharibika wa kubadilishwa. Wakusanyaji wa saa za kale huufurahia na kuulipia zaidi, maana rangi hiyo huja kwa miaka mingi na haitoki sawa kwa saa mbili.

Sasa tuangalie mlango ulioachwa wazi. Mashine ya saa hiyo huitwa Caliber 321, na Omega waliifunga kwenye Speedmaster za miundo mbalimbali hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kila mashine imechongwa namba yake ya pekee. Lakini ganda la saa, kwa ndani ya kifuniko cha nyuma, lina namba ya muundo tu, ileile kwa saa zote za aina hiyo. Uso, mishale na pete havina namba yoyote ya utambulisho. Ni kama gari ambalo kadi yake imeandika namba ya injini peke yake: milango, taa na bodi unaweza kuvitoa popote, na kadi bado itasema kweli.

Phillips walijitetea kwamba waliuliza. Omega, walisema, waliwathibitishia tarehe ya kutengenezwa kwa mashine yenye namba ile, aina ya saa ambayo mashine hiyo ilifungwa ndani yake na siku saa hiyo ilipouzwa. Sina sababu ya kuwabishia. Ila jibu la namna hiyo linahusu namba iliyoandikwa daftarini zamani. Halisemi lolote kuhusu vitu vilivyoizunguka namba hiyo leo. Jibu hilo lilisomwa kama cheti kilichoiona saa nzima.

Bado hilo lisingetosha kufikisha milioni tatu. Kwa maelezo ya Omega, watumishi wao watatu wa zamani walihusika, na mmoja wao alifanya kazi na madalali ili saa inunuliwe kwa ajili ya makumbusho, huku akiwaambia wakubwa wake kwamba ni kitu adimu ambacho hawawezi kukikosa. Kama ndivyo, mnunuzi alikwishaandaliwa kabla nyundo haijagonga meza. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu iliyotengenezwa kwa ustadi kuliko zote, na haimo ndani ya saa.

Walioanza kutia shaka hadharani walikuwa wapekuzi wa saa za kale, waliokaa na picha za mnada wakilinganisha kipande kwa kipande na saa nyingine za mwaka uleule. Walichouliza kilikuwa rahisi: je, vipande hivi vinakubaliana? Uso uliopigwa na jua hadi kubadilika unatarajiwa kuwa na mishale yenye dalili za umri huohuo. Mishale inayong'aa kama ya jana juu ya uso wa namna hiyo ina la kueleza.

Swali hilo linafaa hata kwa saa za bei ndogo, kuliko zile mbinu tunazopeana vijiweni. Zamani ilitosha kutazama mshale wa sekunde: ukiruka hatua moja kila sekunde kwenye saa inayodaiwa kuwa ya mashine, unajua ndani mna betri. Siku hizi viwanda vya kopi hufunga mashine zinazopiga mara 28,800 kwa saa, sawasawa na Rolex nyingi za kisasa, na mshale unateleza vizuri tu. Uzito nao hauthibitishi kitu. Chuma kizito kinapatikana. Kilichobaki ni kuifungua. Mashine ya kopi inaweza kuiga mwendo, lakini umaliziaji wa kingo za vyuma, skrubu na maandishi yaliyochongwa humsemesha fundi anayeijua ile ya kweli.

Kwa hiyo ukiuziwa saa ya bei ya kiwanja, cheti kiweke pembeni kwanza. Mtafute fundi wako, si wa muuzaji, aifungue mbele yenu wote wawili kabla pesa haijatoka mfukoni. Muuzaji akikataa, mwachie saa yake.