Ua Lisilo Fumbo: Uhakiki wa Mitazamo Miwili ya Tiba ya Sanaa kwa Kurejelea Michoro ya Watoto wa Terezín

Tiba ya sanaa kwa watoto waliopatwa na kiwewe imejengwa juu ya mitazamo miwili inayovutana. Margaret Naumburg, mmoja wa waasisi wake nchini Marekani, aliuchukulia mchoro kuwa lugha ya ishara inayofichua yaliyozama nafsini. Edith Kramer, katika kitabu chake cha 1958, alishikilia kuwa kitendo chenyewe cha kuumba ndicho kinachotibu. Uhakiki huu unaipima mitazamo hiyo kwa michoro ya Terezín, mji wa Chekoslovakia ambao Wanazi waliugeuza kuwa geto la Wayahudi.

Friedl Dicker-Brandeis, msanii aliyewahi kumfundisha Kramer mwenyewe, alipelekwa Terezín Desemba 1942. Aliwafundisha watoto kuchora hadi Oktoba 1944, alipopelekwa Auschwitz na kuuawa. Michoro ipatayo 4,500 ilisalia ndani ya masanduku mawili, na sasa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Kiyahudi ya Prague.

Baadhi ya michoro hiyo inaonyesha maisha ya getoni, lakini mingi ni ya nyumba, maua na vipepeo. Mhakiki anayedai kwamba kila ua lafunika jeraha humnyang'anya mtoto haki ya kukumbuka bustani. Naumburg mwenyewe alisisitiza kuwa mchoraji ndiye aeleze maana ya kazi yake. Wengi wa wachoraji hawa waliuawa, hivyo hatuna wa kumuuliza.

Mtazamo wa Kramer unatufaa zaidi hapa. Dicker-Brandeis aliwahimiza watoto waandike majina yao kwenye michoro, mahali ambapo mfungwa aliorodheshwa kwa namba. Hata hivyo, mtazamo huu nao una mipaka: kuchora hakukushibisha njaa wala kuzuia treni. Kilichotendeka Terezín kilikuwa kumsaidia mtoto kuhimili, si kumponya, kwa kuwa kidonda hakiponi huku kikiendelea kutoneshwa.

Hivyo basi, utafiti unaotafsiri rangi nyeusi kuwa huzuni bila kunukuu neno la mtoto una kasoro ya kimbinu na ya kimaadili pia. Mtoto apewe kwanza usalama, karatasi na muda. Kisha aombwe asimulie alichokichora. Akichagua kunyamaza, mtafiti aandike kwamba alinyamaza, wala asiijaze nafasi hiyo kwa maneno yake.