Kapteni Alex Aliuawa Mezani kwa Mhariri

Picha iliyomwaga damu ya kompyuta tangu mwanzo hadi helikopta inaposhambulia Kampala, picha ambayo kila mlinzi wa jambazi amepewa nafasi yake ya kurusha mikono na kuanguka mbele ya kamera, imetunyima kifo kimoja tu: kile kilichoandikwa kwenye jina lake. Kapteni Alex anakutwa keshakufa. Risasi iliyomuua hatukuiona ikitoka, kisu hatukukiona, mkono wa mtu hatukuonyeshwa. Nasema mapema tusipotezeane muda: ule ni uamuzi mbovu, na si uhaba wa fedha uliouleta.

Naizungumzia Who Killed Captain Alex? ya mwongozaji Isaac Nabwana wa Wakaliga, Uganda, ya mwaka 2010, ambayo imerudi kwa kishindo hapa Chiola, mkoani Lindi. Korosho zikishalipwa vibandaumiza hujaa, na picha za zamani hufufuka. Wapenzi wa picha wamegawanyika. Vijana wa bodaboda wanaongoja abiria wa Nachingwea wanasema kutomjua muuaji ndio utamu wenyewe. Fundi mmoja wa pikipiki, mtu ninayemheshimu kwa kuwa aliitazama Commando ya 1985 ikiwa bado kwenye mkanda wa deki, anasema pale alijiona ameibiwa kiingilio. Mimi niko upande wa fundi.

Mmeiona, kwa hiyo sisimulii. Mapigano ya Bukenya Charles akiwa Bruce U yamepangwa na watu wanaojua kwamba ngumi huanzia kiunoni, na silaha za Dauda Bisaso, zilizoundwa kwa vyuma chakavu, zinastahili saluti. Yatosha. Twende kwenye tukio.

Kundi la majambazi la Tiger Mafia limevamiwa, ndugu wa Richard, bosi wa kundi hilo, ametiwa mbaroni, Richard ameapa kulipiza. Anamtuma mwanamke wake akamnase Alex kambini. Hapo mwongozaji ana kila kitu mkononi. Ana mtego, ana anayewindwa, na ana watazamaji wanaojua jambo ambalo stelingi halijui. Kazi iliyobaki ni ya mkasi tu: uso wa Alex, mkono wa yule mwanamke, watu wa Richard wanasogea, uso wa Alex tena, kila shoti ikiwa fupi kuliko iliyotangulia. Badala yake watu wa Richard wanafika na kukuta maiti. Wenyewe wanashangaa. Sisi nasi tunashangaa pamoja nao, kisha picha inaendelea na safari zake kana kwamba aliyekufa ni mpita njia.

Kibandani tumelelewa na sheria moja: stelingi hafi. Sheria hiyo si ya kitoto kama wasomi wa picha wanavyodhani. Maana yake ni kwamba ukitaka kuivunja, ulipe. Na malipo ya kifo cha stelingi ni muda kwenye kioo. Ramesh Sippy alilijua hilo alipomuua Jai ndani ya Sholay mwaka 1975. Amitabh Bachchan anabaki nyuma kuwazuia majambazi, anapigwa risasi, na hafi upesi. Anafia mikononi mwa Dharmendra, wanaongea, wanataniana hata pale, na ndipo tunagundua kwamba ile sarafu aliyokuwa akiirusha picha nzima ili kuamua mambo ina sura moja pande zote mbili. Sippy alianza kulipia kifo kile tangu sarafu iliporushwa mara ya kwanza. Mzee wa Lindi aliyeiona Sholay ujanani hajasahau sarafu ile mpaka leo. Muulize kijana aliyetoka kumwona Alex juzi kapteni alikuwa mtu wa namna gani. Atakuambia alikuwa na sare.

Najua jibu linalokuja: mbona vifo vingi vikubwa hufanyika nje ya kioo? Ni kweli, na ndipo ninapotaka tuelewane. Kuficha kifo ni ufundi halali. Katika Fist of Fury ya 1972, Bruce Lee anarudi na kukuta mwalimu wake keshafariki. Kifo hatukukiona hata kidogo. Lakini Lo Wei hakutuacha hewani: Chen Zhen anawasikia wapishi kwa masikio yake, anajua sumu imepitia wapi, na kuanzia hapo kila teke lina anwani. Katika Enter the Dragon ya 1973 njia ni nyingine. Stelingi anasimuliwa jinsi dada yake alivyokufa, na sisi tunarudishwa nyuma tuone: Angela Mao anakimbizwa, anazingirwa, anachagua kujiua kwa kipande cha kioo kuliko kukamatwa. Baadaye Lee anaposimama uwanjani mbele ya O'Hara, hakuna mtu kibandani anayeuliza wanapigania nini. Kwa hiyo njia ziko mbili. Ficha kifo kisha utoe jibu, au onyesha kifo na jibu liwe wazi. Nabwana alikificha kifo na akalificha na jibu, mpaka picha inakwisha na nchi iko chini ya amri ya jeshi.

Hasara inamwangukia Bruce U. Mtu huyu, mtawa wa Shaolin wa Uganda, jina lake tu limeshabeba mzigo wa marehemu Lee, anakuja Kampala kumtafuta aliyemuua ndugu yake. Tunamwona anapiga watu, na anapiga vizuri. Lakini anampiga nani kwa deni gani? Richard alitaka Alex akamatwe na akakuta ameshauawa, kwa hiyo hata bosi wa maadui hatumdai damu hiyo moja kwa moja. Mateke yale yote mazuri yanarushwa bila deni. Hapa ndipo ninapokataa kusema picha imeteleza kidogo tu. Nusu nzima ya pili imewekwa juu ya kifo hiki, nacho ni bawaba isiyo na misumari.

Kwa nini alifanya hivyo? Mimi nadhani alitaka picha mbili kwa bei ya moja, ya kijeshi na ya kung fu, na ili ya pili ianze ilibidi mwenye picha ya kwanza aondoke. Nabwana mwenyewe amewahi kueleza kwamba utotoni picha alizijua kwa kusimuliwa na kaka zake waliokwenda kuzitazama. Hilo naliona kwenye kazi yake yote, na nampenda kwa hilo. Msimulizi wa barazani akichoka na mtu humwondoa kwa sentensi moja na kusonga mbele, na wasikilizaji humsamehe kwa sababu sauti yake ipo inawashika mkono. Kamera haina sauti hiyo.

Na Wakaliga sauti ipo, ndilo linalonikera zaidi. Mtafsiri wao, VJ Emmie, anazungumza juu ya picha kuanzia jina mpaka mwisho. Waganda wana utamaduni wao wa watafsiri na siuingilii. Nabwana aliifuta nakala yake ya asili ili kompyuta ipate nafasi ya kazi nyingine, kwa hiyo toleo tulilobaki nalo duniani ni hilo lenye sauti ya VJ ndani yake, haitoki tena. Haya, basi umepata bahati ya kuwa na msimulizi ndani ya picha yenyewe. Kwa nini pale kwenye maiti asitumike kuziba pengo? Anatania. Anatania vizuri, nimecheka, lakini anatania juu ya mwili wa stelingi.

Mtanisamehe nikimrudia Lufufu, najua wengine mmechoka kunisikia. Derek Gaspar Mukandala, Kapteni Lufufu, mtu aliyetoka jeshini, alikuwa akitafsiri picha huku akimpa kila mtu kwenye kioo ukoo na sababu. Alikuwa na maneno mengi, naam, na mara nyingine aliongeza visivyokuwepo. Ila alijua kwamba mtafsiri ni mtu wa kuziba matundu ya mwongozaji. Angempa Alex muuaji kabla maiti haijapoa, hata kwa kumzulia, na mjadala huu wa Chiola usingekuwepo. Siku hizi tunaletewa watafsiri wanaodhani kazi ni kupiga kelele. Nakala niliyoonyeshwa safari hii ilikuwa na sauti tatu: Kiganda chini, Kiingereza cha VJ katikati, na juu yake Kiswahili cha kijana mmoja aliyekuwa akitaja majina ya wachezaji wa timu ya Namungo kila mtu alipoanguka. Kwenye tukio la maiti alikuwa akimsalimu mwenye kibanda.

Vijana wa bodaboda wana hoja moja ya maana, niitendee haki. Wanasema jina la picha ni swali, na swali likijibiwa watu huondoka na kusahau. Miaka imepita na bado tunabishana. Si ndiyo ushindi? Ningekubali kama lingekuwa swali kweli. Fumbo la mauaji lina watu wa kushukiwa. Nionyesheni mtu mmoja aliyeingia alipokuwa Alex akiwa na sababu, mmoja aliyetoka na jasho, kitu kimoja kilichosahauliwa chini. Hakuna. Kinachobishaniwa ni uzembe, na uzembe unaweza kubishaniwa karne nzima bila kugeuka kuwa fumbo. Nami nina ugomvi wa zamani na ujanja wa namna hii. Ni ndugu wa wale wenzetu wa Bongo waliokuwa wakiikata picha katikati ya kofi ili utoe hela nyingine ya sehemu ya pili, na sehemu ya pili ikawa nusu saa ya mtu anaendesha gari.

Kuna na kundi linaloipenda picha hii kwa kuicheka. Trela yake ilisambaa mitandaoni mwaka 2010, dunia ikasikia bajeti ya dola 200, ikaambiwa kila kasoro ni kichekesho. Tangu hapo Nabwana amepigiwa makofi mbali: Bad Black ilipata tuzo ya watazamaji Fantastic Fest huko Texas mwaka 2016, na Crazy World ilionyeshwa Toronto mwaka 2019. Namfurahia. Ila makofi ya anayekucheka hayakufundishi kukata shoti. Mtu akiniambia nisiwe mkali kwa sababu kijana wa watu hakuwa na hela, namwona ndiye anayemdharau Nabwana kuliko mimi. Hela ingehitajika kwa helikopta, na helikopta ameipata!

Kifo cha Alex kingegharimu sifuri. Kivuli cha mtu juu ya turubai, sekunde mbili. Viatu vinaingia, viatu vinatoka. Au aache kioo kikae juu ya uso wa askari wa zamu nje huku mlio mmoja ukisikika ndani, mmoja tu, katika picha ambayo milio imemwagwa bure kila kona. Viatu vile vile tuvione baadaye miguuni mwa mtu yeyote, hata mmoja wa wanajeshi wake mwenyewe. Hapo Bruce U angekuwa na mtu wa kumpiga, jina la picha lingekuwa halali, na fundi wangu wa pikipiki asingedai kiingilio chake.

Nawaandikia hasa nyie vijana wa Ruangwa na Nachingwea mnaotengeneza picha fupi kwa simu, maana najua wengi mnamuiga Nabwana. Igeni bunduki za vyuma chakavu, igeni mateke, igeni ubishi wa kumaliza picha bila kungoja mfadhili. Ila mkimuua stelingi, kamera iwe inazunguka.